Uchambuzi wa kisa: bei ilishinda mnada, umeme haukuja

Kabla ya yote

Jina la shirika, eneo, kampuni na watu wote nimeviondoa. Miaka nimeiacha, maana bila miaka huwezi kuelewa kwanini mambo yaligeuka vile. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watano kwenye timu ya tathmini ya zabuni, upande wa ufundi, kwahiyo baadhi ya maamuzi nitakayoyasema hapa yana saini yangu chini yake. Naandika kwasababu naona watu wengi sasa hivi wanaandaa minada ya sola kwa kunakili nyaraka za wengine, na ile sehemu iliyotuumiza sisi ndo sehemu ambayo watu huwa wanairuka haraka.

Usuli

Shirika linaendesha gridi ndogo inayojitegemea, haijaungana na gridi kubwa yoyote, na karibu umeme wote ulikuwa unatoka kwenye jenereta za dizeli. Mfumo wa hivi una tabia moja, bei ya mafuta ikipanda duniani basi baada ya miezi miwili mitatu bajeti yako yote inavuja na hakuna unachoweza kufanya, unalipa tu.

Sera ya kwanza ya nishati safi pale ilikuwa ile ya bei maalumu, yaani serikali inapanga bei ya kununulia umeme wa sola, yeyote anaeweza kujenga kwa bei hiyo anakuja anasaini. Ikaleta miradi miwili midogo, yote ya kampuni ndogo, yote ikajengwa na mpaka leo inafanya kazi. Lakini lawama zikawa nyingi, kwamba bei ilipangwa wakati paneli ni ghali, sasa paneli zimeshuka na sisi bado tunalipa ileile.

Alafu ikaja 2020. Mwaka huo Abu Dhabi walitangaza zabuni ya mradi wa sola wa Al Dhafra, takriban megawati 2,000, kwa senti 1.35 za dola ya Marekani kwa kilowati-saa, na ile namba ikazunguka kila mahali. Ikafika kwenye bodi yetu. Kuanzia hapo kila kikao kilikuwa na swali moja tu, kama wao wanapata ile, sisi kwanini tunalipa mara nyingi zaidi? Jibu lipo na sio gumu: mradi mkubwa sana, jua kali, ardhi na laini ya umeme vimeandaliwa na mnunuzi, mnunuzi mwenyewe hakuna benki inayomtilia shaka, na mkopo ni wa riba ndogo. Sisi tulikuwa tunataka megawati 20 na hatuna hata kimoja kati ya hivyo ukiacha jua. Tulilisema hilo, ila namba ikishaingia kichwani mwa mtu haitoki kirahisi.

Ikaamuliwa tuende na mnada wa kushushana bei.

Niweke wazi kitu kimoja kabla sijaendelea, nini kilikuwa mezani. Sola ya megawati 20 kwenye jua la kawaida inatoa kama kilowati-saa milioni 35 kwa mwaka. Jenereta ya dizeli inakula kama robo lita na kidogo kwa kila kilowati-saa. Piga hesabu, ni karibu lita milioni 9 za dizeli kila mwaka na tani elfu 24 hivi za kaboni dayoksaidi. Kwahiyo kila mwaka unaochelewa, hizo lita zinachomwa. Shikilia hiyo hesabu mpaka mwisho.

Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

La kwanza, mshindi ataamuliwa kwa bei peke yake. Sababu ilikuwa uwazi, ukishaweka alama za uzoefu na ubora unafungua mlango wa kubishana, na shirika lilikuwa limetoka kwenye kesi ya manunuzi iliyochukua muda mrefu. Naielewa sababu hiyo hata leo.

La pili, dhamana ya zabuni na ya utekelezaji, yaani hela anayoweka mshiriki na kuipoteza asipotimiza ahadi, ziwe ndogo ili washiriki wawe wengi. Hili tulilikubali wote, na mimi nilikuwa wa kwanza kulitetea, nikiwaza zile kampuni ndogo mbili za mwanzo zisifungiwe nje.

La tatu, miezi 30 ya kujenga tangu kusaini. Kituo cha sola cha ukubwa ule ukiwa na ardhi na hela kinajengwa ndani ya mwaka mmoja, lakini tukasema tuwape nafasi ya kutafuta mkopo.

La nne, ardhi, vibali na kuunganishwa na gridi ni kazi ya mwekezaji mwenyewe, na wakati wa kuleta zabuni hahitaji kuwa navyo, anaahidi tu. Tuliona tunapunguza gharama za shirika. Kumbe tulikuwa tunazisogeza mbele zikakue.

La tano, bei ikishatajwa haibadiliki kwa miaka 20, hakuna marekebisho ya aina yoyote. Bodi ililipenda sana hili.

Kilichotokea

Zabuni zilifunguliwa mwishoni mwa 2020. Kampuni tisa. Nane zilikuwa zimekaa karibukaribu, ya tisa ilikuwa chini ya ya pili kwa karibu theluthi.

Usiku ule nilikaa na jedwali nikirudisha hesabu nyuma, kwamba ili mtu ajenge kwa bei hii anahitaji kuamini nini? Nikapata anahitaji kuamini paneli zitaendelea kushuka kwa kiasi kikubwa kabla hajanunua, na kwamba atapata mkopo wa riba ambayo hakuna benki ingetupa sisi, na kwamba kuunganishwa na gridi kutakuwa karibu bure. Vyote vitatu kwa pamoja. Nikaandika kurasa mbili nikapeleka.

Mkurugenzi alizisoma, sio kwamba alizipuuza, akaniita akaniambia, "Sasa mwanangu, kanuni tuliyotangaza inasema bei. Nikimtoa wa kwanza kwa sababu ambayo haimo kwenye kanuni, kesho nipo mahakamani. Wewe ungefanyaje?" Sikuwa na jibu, na kiukweli kwa kanuni tulizokuwa nazo hakukuwa na jibu. Kosa lilishafanyika miezi sita nyuma tulipoandika nyaraka.

Mkataba ukasainiwa mapema 2021, kukawa na hafla, magazeti yakaandika bei ya chini kuliko zote kuwahi kupatikana pale. Kwenye ripoti ya mwaka ile bei ikaingia kama mafanikio. Wakati huo hakuna hata nguzo moja imechimbiwa.

Sasa kumbuka 2021 ilikuwaje. Polisilikoni, ile malighafi ya paneli, ikapanda bei kwa kasi, usafiri wa makontena ukawa ghali kupita kiasi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi paneli zikapanda badala ya kushuka. 2022 riba zikaanza kupanda karibu dunia nzima. Ule utabiri wa mshindi ukageuka juu chini. Aliandika barua ya kwanza kuomba bei irekebishwe kabla mwaka haujaisha, tukamjibu mkataba hauruhusu. Akaandika ya pili, jibu likawa lilelile.

Upande wa ardhi nako. Kampuni ilikuwa na karatasi ya makubaliano na mtu mmoja, kumbe eneo ni la urithi na warithi ni wengi, na huyo mmoja hakuwa hata mkubwa wao. Kikao tulichoitwa kusuluhisha sitakisahau. Mzee mmoja alisubiri kila mtu amalize kuongea ndo akasema, "Wanangu, mnatuambia mmeshasaini. Mmesaini na nani?" Hakuwa anapinga sola. Baadae tuliposimama nae nje aliuliza maswali mazuri kuliko ya bodi, chini ya paneli mifugo inaweza kulisha, maji ya mvua yataelekea wapi, mkataba ukiisha nani ataondoa vile vyuma. Hakuna mtu aliekuwa ameenda kumuuliza kabla.

Alafu gridi. Kituo cha kupoozea umeme kilicho karibu na eneo, transfoma yake haikuwa na nafasi ya kupokea megawati 20. Sisi shirika tulilijua hilo! Yaani lilikuwa kwenye faili la idara nyingine ghorofa ya juu yetu. Utafiti wa kuunganisha ukachukua miezi nane na ukatoa gharama ambayo haikuwa kwenye bei ya mtu yeyote.

Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, dizeli ikapanda vibaya sana. Mshindi wetu akawa kimya. Barua hazijibiwi, simu zinapokelewa na watu wapya kila mara. Tukaja kusikia anatembeza ule mkataba anatafuta wa kumuuzia. Hakupata. Katikati ya 2023, muda ukiwa unaelekea kuisha, tukavunja mkataba tukachukua dhamana. Mtu wa fedha akatuletea hesabu kwenye kikao: dhamana yote inalipia dizeli ya siku tisa. Tulikaa kimya pale mezani.

Awamu ya pili

Kulikuwa na watu waliotaka turudi kwenye bei maalumu, na wengine wakitaka tumpe yule wa pili wa mnada wa kwanza, lakini bei zake nazo zilikuwa za 2020. Tukaamua turudie mnada ila tuuandike upya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kazi kubwa ilifanyika kabla ya tangazo. Shirika lenyewe likatafuta ardhi, likakaa na warithi wote, safari hii kwa miezi minne, likasaini nao mkataba wa kukodi wenye malipo ya kila mwaka na kifungu cha nani anaondoa vifaa mwisho wa mkataba. Utafiti wa gridi ukafanywa na ukachapishwa pamoja na nyaraka, kwahiyo kila mshiriki alijua transfoma gani inahitajika na shirika litaigharamia. Sio ubunifu wetu, ule mpango wa Scaling Solar wa IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, ulifanya kitu kama hicho Zambia, mnada wa 2016 ukaleta bei ya senti 6.02 za dola na kituo cha Bangweulu kikaanza kuzalisha 2019.

Dhamana ikapanda mara kadhaa, ikagawanywa hatua mbili, sehemu wakati wa zabuni na sehemu kubwa wakati wa kusaini, na inapungua kila unapofikia hatua inayopimika, mkopo kukamilika, vifaa kufika, kituo kuwashwa. Muda ukashuka kuwa miezi 18. Bei ikaruhusiwa kurekebishwa mara moja tu, kati ya zabuni na mkopo kukamilika, kwa kufuata faharasa mbili, yaani vipimo vya kupanda na kushuka kwa bei, zilizotajwa kwenye mkataba, ya paneli na ya riba, na kuna ukomo juu na chini. Na tukaandika kifungu kwamba bei ikiwa chini sana kuliko wastani, mshiriki lazima afungue hesabu zake, asipoweza kueleza anatoka. Bei ilibaki alama 70 kati ya 100.

Walikuja wanne tu. Bei ya mshindi ilikuwa juu kuliko ya mnada wa kwanza, na ilikuwa chini kuliko ile bei maalumu ya zamani. Magazeti hayakuja. Kituo kiliwashwa 2025, kimechelewa wiki saba kwasababu ya transfoma, ambayo ni kazi yetu sisi, na tulilipa fidia ya ucheleweshaji kama mkataba ulivyosema.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema kampuni ilikuwa ya matapeli. Mimi siamini hivo na nadhani kuamini hivo kunatufanya tusijifunze. Kampuni ilifanya kile ambacho kanuni zetu zilikuwa zinakilipa. Dhamana ndogo ukiijumlisha na muda mrefu, umemuuzia mtu haki ya kusubiri kwa bei ya chini. Paneli zikishuka anajenga anapata faida nzuri, zikipanda anaondoka na hasara yake ni dhamana tu. Na kwenye mnada wa watu tisa, anaeshinda ni yule mwenye matumaini makubwa kuliko wote, sio lazima awe mwenye ujuzi kuliko wote, ndo maana kadiri unavyoongeza washiriki bila kuongeza uzito wa ahadi ndivyo unavyomsaka mwenye hesabu mbovu kuliko wenzake. Tulikuwa tunajisifu washiriki tisa. Sikuwahi kufikiri kwamba hiyo namba yenyewe ilikuwa inatuongezea hatari.

Na haya hayakuwa mapya. Uingereza miaka ya 1990 walikuwa na mpango wa minada ya umeme usio wa mafuta ya kisukuku, bei zikashuka vizuri sana awamu kwa awamu, lakini mwisho wa siku kiasi kilichojengwa ni kama theluthi tu ya kilichopewa mikataba. Ujerumani 2017 kwenye minada ya upepo wa nchi kavu waliwapa vikundi vya wananchi masharti mepesi, hawahitaji kibali wakati wa zabuni na wanapata miezi 54 badala ya 30. Vikundi hivyo vikachukua zaidi ya asilimia 90 ya mikataba mwaka ule, vingi vikitabiri mitambo itakuwa mikubwa na rahisi zaidi baadae, na miradi mingi ikakwama. 2018 masharti yale mepesi yakasimamishwa. Nia ilikuwa njema kabisa, kama yetu. Vibali viwe vya baadae, muda uwe mrefu, dhamana iwe ndogo, ni mchanganyiko uleule, na sisi tuliuandika miaka miwili baada ya wao kuuacha.

Bei isiyobadilika nayo inahitaji kuangaliwa vizuri. Kuna hatari ambazo mwekezaji anaweza kuzimudu, kama kujenga kwa wakati, kununua vizuri, kutunza mitambo, hizo mpe zote. Lakini bei ya polisilikoni na riba za benki kuu hakuna mtu anaezimudu, ukimtwika anafanya moja kati ya mawili, anaweka bei juu kujilinda au anacheza kamari. Na ukikaza sana hawaji kabisa: Uingereza mwaka 2023 kikomo cha bei ya upepo wa baharini kilikaa chini mno wakati gharama zimepanda, hakuna hata mradi mmoja wa upepo wa baharini ulioleta zabuni, mwaka uliofuata wakapandisha kikomo na wawekezaji wakarudi.

Kuhusu ardhi na gridi, sina maneno mengi. Taarifa ya transfoma tulikuwa nayo. Kuificha, hata bila kukusudia, kulimfanya anaejua kidogo ashinde. Gharama ambayo mnunuzi anaijua iandikwe kwenye nyaraka, basi.

Ila nisiipambe sana awamu ya pili. Kwanza, bahati ilikuwa upande wetu, kwa sababu 2023 bei za paneli ziliporomoka sana na mnada wetu ukaangukia hapohapo. Sijui ingekuwaje tungefanya mwaka mmoja kabla, pengine bei ingekuwa juu ya bei maalumu na bodi ingekataa. Pili, zile kampuni ndogo mbili zilizojenga miradi ya mwanzo hazikushiriki, dhamana iliwashinda, na hilo linaniuma kwasababu ndo kampuni pekee zilizokuwa na rekodi ya kujenga pale. Nilipendekeza tutenge megawati 3 za bei maalumu kwa miradi midogo pembeni ya mnada, halikupita. Bado naamini lilikuwa sahihi, mnada ni chombo kizuri kwa mradi mkubwa na ni chombo kizito kwa mradi mdogo, na hakuna sheria inayosema uchague kimoja.

Tatu, na hili ndo zito. Jenereta ya dizeli haipendi kuendeshwa chini ya asilimia 30 hivi ya uwezo wake, inachafuka ndani na inaharibika mapema. Kwahiyo mchana wa siku za mapumziko, matumizi yakiwa madogo na jua likiwa kali, hatuwezi kuzima jenereta zote maana ndo zinazoshikilia gridi isiyumbe, tunalazimika kubana sola, yaani kuizuia isitoe umeme wote inaoweza. Na mkataba unasema umeme tulioukataa tunaulipia. Kifungu kile ndo kilichowafanya mabenki watoe mkopo, sio kibaya chenyewe. Kibaya ni kwamba hakuna mtu kwenye timu, mimi nikiwemo, aliefanya hesabu ya mchana wa mapumziko saa kwa saa kabla ya kuandika megawati 20. Tulifanya hesabu ya mwaka mzima. Zile kilowati-saa milioni 35 ziko sahihi kwa mwaka, ila gridi inaishi sekunde kwa sekunde.

Na waendesha jenereta kumi na moja, watu waliokesha na zile mashine miaka mingi wakijua mlio wa kila moja, hawakutajwa popote kwenye nyaraka zote mbili. Wanne wamepata mafunzo ya inveta, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uingie kwenye gridi, na sasa wapo kituo cha sola, baada ya msimamizi wao kuandika barua mwenyewe. Saba bado wanauliza.

Tulipo sasa

Tunaandaa mnada wa betri, za kuhifadhi ule umeme wa mchana na kushikilia gridi ili jenereta zizimwe kabisa saa chache kwa siku. Safari hii hesabu ni ya saa kwa saa, mwaka mzima, na mzee wa ile ardhi amekubali eneo la jirani, kwa sharti kwamba majibu ya maji ya mvua yaandikwe. Waendesha jenereta saba wana ukurasa wao kwenye rasimu, una majina ya mafunzo na bajeti. Wiki iliyopita kwenye kikao mjumbe mpya wa bodi aliuliza kwanini dhamana ni kubwa hivi, si tuishushe tupate washiriki wengi zaidi? Nilifungua faili la 2023, nikamsogezea ile karatasi ya siku tisa.